Watoto Wanataka Kwenda Kwenye Michezo Sikukuu? Soma Hapa Kabla Hujakata Tiketi

Desemba shule zikishafungwa, au Ramadhani ikielekea ukingoni, wasomaji huniletea swali lile lile. Kuna tamasha la watoto ukumbini, tangazo linapita redioni kutwa, na nyumbani hakukaliki. Niwapeleke? Na nikiwapeleka, nifanyeje wasiumie, wasipotee, na mshahara usiishie huko?

Wapeleke. Sikukuu ni ya watoto kuliko ilivyo yetu, na si kila nyumba ina ua wa kuchezea. Ila elewa jambo moja kabla hujatoa pesa: kiingilio kinamlipia mtoto michezo, hakimlipii mtu wa kumwangalia. Yule kijana mwenye fulana ya njano anayesimama kando ya treni kazi yake ni kuiwasha na kuizima. Visa vingi vya watoto kuumia au kupotea ninavyosimuliwa vinaanzia pale mzazi alipodhani kuna mtu mwingine anayetazama.

Ukumbi si kiwanja

Waliokulia Unguja wanaijua Idi ya Mnazi Mmoja na Kariakoo: viwanja vya wazi, bembea, vibanda vya vyakula, watoto wenye nguo mpya wakizunguka hadi usiku. Ninachozungumzia hapa ni kingine. Ni lile tamasha la ndani, kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano au ndani ya jengo la maduka. Fikiria kumbi za aina ya Diamond Jubilee pale Upanga au Mlimani City kwa Dar es Salaam, na ukumbi wa maonyesho wa Sarit kwa wenzetu wa Nairobi. Humo huingizwa nyumba za kurukia za upepo, treni ndogo, farasi wa kuzunguka, mashine za michezo, jukwaa la mazingaombwe na meza za kuchora nyuso. Ikiwa ni Krismasi, kwenye kona moja atakaa Baba Krismasi anayetokwa jasho ndani ya manyoya.

Faida zake zinajulikana. Mvua haiwakuti, jua haliwachomi, na mtoto hawezi kukimbilia barabarani. Lakini kuta hizo hizo ndizo zinazoleta hasara. Watu wote wanapita mlango mmoja, kelele hazina pa kutokea, joto linajikusanya, na umeme ukikatika giza linaingia hata kama ni saa saba mchana.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliokuwa umejaa kupita kiasi. Walikosa hewa na kukanyagana. Tangu hapo polisi wa mikoa mbalimbali wamekuwa wakitangaza marufuku ya disko toto kila sikukuu zinapokaribia. Sikitaji kisa hiki ili usitoke nyumbani. Nakitaja kwa sababu wazazi wengi hukagua bembea kama imekaza, wakasahau kuhesabu milango. Ukumbini, kinachoua watoto wengi kwa mpigo ni watu kuzidi nafasi.

Kabla ya siku yenyewe: piga simu

Tangazo zuri halikuambii unachotaka kujua. Namba ya simu iliyo chini ya bango imewekwa ili ipigwe. Uliza haya:

- Mnauza tiketi ngapi kwa siku, au kwa awamu? Mwandaaji mwenye kikomo atakutajia bila kusita. Anayekujibu "njooni tu, nafasi ipo" hana kikomo.
- Tiketi ni ya muda gani? Wengine huuza awamu za saa mbili au tatu. Hizo ndizo bora, kwa sababu kila awamu ukumbi unapungua.
- Mtu mzima analipa? Mtoto wa chini ya miaka miwili je?
- Kiingilio kinajumuisha michezo yote, au kila mchezo una bei yake?
- Umeme ukikatika, jenereta lipo, na limewekwa wapi? Jibu sahihi ni "nje, mbali na mlango". Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na ndani ya jengo inaua.
- Ukumbi umekaguliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji?
- Kuna huduma ya kwanza? Anayeitoa ni nani?
- Chakula na maji ya nyumbani yanaruhusiwa?

Utaona aibu kuuliza mambo ya zimamoto kwa ajili ya bembea. Uliza tu. Wewe ndiye unayelipa.

Pesa: hesabu ya nyumbani huwa haitoshi

Kosa la kwanza ni kuzidisha kiingilio kwa idadi ya watoto na kuishia hapo. Tuseme kiingilio ni shilingi 10,000 na kila mchezo ni 3,000. Mtoto mmoja akipanda mara sita, umefika 28,000. Bado soda, bisi, puto, kuchorwa uso, picha na Baba Krismasi, na nauli ya bajaji kurudi kwa sababu kila mtu amechoka kusubiri daladala. Ukiwa na watoto watatu, jaza mwenyewe.

Kosa la pili ni kadi ya kujaza. Kumbi nyingi zenye mashine hukuuzia kadi unayoiwekea salio, na kila mchezo unakata. Mtoto haoni noti zikitoka, na wewe pia huzioni. Halafu salio linalobaki mara nyingi halirudishwi. Jaza kidogo kidogo, hata kama ukijaza nyingi unapewa nyongeza. Nyongeza hiyo itakurudisha wiki ijayo kumalizia salio, na ndivyo walivyokusudia.

Ninachopendekeza:

- Mwambie kila mtoto idadi ya michezo yake kabla hamjatoka nyumbani, na aichague mwenyewe akishafika. Mtoto wa miaka sita anaweza kuhesabu hadi tano. Akimaliza, amemaliza, na atalia. Mwache alie kidogo.
- Pesa za kurudi ziweke kando, kwenye mfuko mwingine au laini nyingine ya simu. Mtandao wa kulipia kwa simu husumbua siku za sikukuu, basi noti kadhaa ziwepo.
- Kama tiketi ya mkanda wa mkononi inaruhusu kupanda bila kikomo, inunue kwa mtoto wa miaka saba na kuendelea. Wa miaka mitatu atapanda treni moja, kisha atataka kukaa sakafuni na kuchezea mkanda wenyewe.

Mashine ya koleo la kuokota midoli: usiiguse. Koleo kutoshika si bahati mbaya, wenye mashine huweza kulipangia lishike kwa nguvu mara chache tu. Ukitaka mdoli, nenda dukani.

Nenda mapema kuliko unavyotaka

Siku ya Idi Mosi watu husali, hula, watoto huzunguka kwa ndugu kukusanya mkono wa Idi, halafu alasiri mji mzima unakwenda mahali pamoja. Krismasi ni hivyo hivyo: ibada, pilau, halafu saa tisa alasiri foleni inafika barabarani. Ukumbi mliouona mtupu saa nne asubuhi hamtautambua saa kumi.

Basi nenda milango inapofunguliwa. Afadhali zaidi, usiende Idi Mosi wala tarehe 25. Idi Pili au Idi Tatu asubuhi, au tarehe 27 na 28 Desemba, michezo ni ile ile na foleni ni nusu. Mtoto mdogo hajui tarehe. Ukimwambia leo ndiyo sikukuu, ni sikukuu.

Fuata pia saa ya mwili wake. Anayelala mchana saa saba usimpeleke saa sita. Mpe usingizi wake nyumbani, au malizeni michezo kabla ya saa hiyo. Na mkifika mkakuta watu wamesukumana mlangoni, msijibanze. Ondokeni. Tiketi iliyopotea ni hasara ndogo.

Nguo za sikukuu ndizo tatizo

Hapa ndipo ninapogombana na akina mama, na sirudi nyuma. Gauni la neti lenye tabaka nne, mtandio mrefu unaoning'inia, kanzu inayoburuza, viatu vipya vinavyobana: vyote ni vizuri kwa picha ya asubuhi na vibaya kwa bembea. Mtandio ukinaswa kwenye gurudumu la treni au kwenye mhimili wa farasi wa kuzunguka unakaza shingoni. Kamba ya kofia ya sweta ni hivyo hivyo, na mkufu pia.

Piga picha asubuhi, halafu badilisha. Binti anayevaa hijabu avae ile ya kushonwa inayokaa kichwani bila pini na bila ncha ndefu. Kaptura au suruali inayofika magotini inamkinga asichubuke kwenye utelezi wa plastiki. Soksi ni lazima, kwa sababu nyumba za kurukia na trampolini hazikubali viatu, na ukizisahau utauziwa pale mlangoni kwa bei ya jozi mbili za sokoni.

Wavishe rangi moja inayoonekana, fulana za njano au machungwa, utawapata kwa jicho moja. Kabla hamjaingia wapige picha kwa simu wakiwa wamesimama, kichwa hadi miguu. Mtoto akipotea, mzazi mwenye hofu hukumbuka sura tu, husahau kabisa kama shati lilikuwa la bluu au la kijani.

Dakika kumi za kwanza ndani

Watoto watakuvuta mkono. Wakatalie. Zungukeni ukumbi wote mara moja bila kupanda chochote, na katika mzunguko huo:

- Tafuta milango ya dharura. Hesabu ni mingapi, na sukuma mmoja kwa mkono uone kama unafunguka.
- Waonyeshe choo. Mtoto anayebanwa ghafla hukimbia bila kuaga.
- Chagueni mahali pa kukutana, kwa watu wazima na watoto wakubwa. Pasiwe mlangoni, maana ndipo watu wanapojaa, wala kwenye puto kubwa linaloweza kuhamishwa. Nguzo yenye namba, kaunta ya tiketi au ngazi za jukwaa zinafaa.
- Waonyeshe wahudumu wanavaaje.
- Soma kipimo cha urefu kwenye kila mchezo, ili ugomvi wa "mbona yeye amepanda" uishe mapema.

Kuhusu kipimo hicho: usiongeze umri wa mtoto, wala usimwambie asimame kwa vidole. Kile chuma kinachoshuka kifuani kimepimwa kwa mwili wa urefu fulani. Mtoto mfupi anapita chini yake.

Mchezo mmoja mmoja

*Nyumba ya kurukia.* Inasimama kwa sababu mashine inapuliza hewa muda wote. Umeme ukikatika inaanza kulala, na walio ndani hufunikwa na turubai. Kwa hiyo anayesimamia lazima awe karibu kiasi cha kuwatoa watoto haraka, tena asiwe anachezea simu. Kabla mwanao hajaingia, tazama walio ndani. Wakubwa wa miaka kumi na wadogo wa miaka mitatu wakiwa pamoja, subirini zamu nyingine. Mdogo akikanyagwa hakuna mwenye kosa isipokuwa aliyewachanganya. Mvue miwani, hereni na vibanio vya nywele, na mtoe pipi mdomoni.

*Trampolini.* Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2012, kilieleza kuwa takriban robo tatu ya majeraha ya trampolini hutokea watu zaidi ya mmoja wanaporuka kwa wakati mmoja, na kwamba mwenye mwili mdogo anaweza kuwa na hatari ya kuumia mara 14 kuliko mwenzake mzito. Walio chini ya miaka sita hawashauriwi kuruka kabisa. Sasa angalia trampolini ya ukumbini siku ya sikukuu uone wangapi wako juu. Mimi nakataa kwa wadogo, na kwa wakubwa nakubali iwapo kila mtoto ana kitambaa chake cha kurukia na hakuna anayepiga sarakasi.

*Utelezi.* Mzazi mwenye huruma humpakata mtoto mdogo wakateleza pamoja. Usifanye hivyo. Mguu wa mtoto hugusa ukingo na kusimama huku uzito wenu wawili ukiendelea kushuka, na mfupa wa chini ya goti unavunjika. Mtoto akiteleza peke yake, uzito wake mdogo kwa kawaida haumfikishi huko. Kama bado hawezi peke yake, utelezi huo si wake mwaka huu.

*Treni na farasi wa kuzunguka.* Ni salama kuliko mengine, na ndiyo maana watu hupumbaa. Mtoto wa chini ya miaka minne simama naye kando ya farasi, mkono mgongoni. Wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka, si mwendoni. Asishuke hadi mchezo usimame kabisa, hata kama muziki umeisha.

*Magari ya kugongana.* Mkanda ufungwe, mikono na miguu ndani. Usimpakate mtoto nyuma ya usukani. Mwanao asiyependa kugongwa usimlazimishe eti akomae.

*Dimbwi la mipira.* Wadogo huzama wasionekane, na wakubwa huruka juu yao kutoka ukingoni. Kaa ukingoni, hesabu vichwa. Akitoka mnawishe mikono kabla hajala chochote, maana mipira ile imepita midomoni mwa watoto wote wa mji.

*Kuchorwa uso.* Omba kwanza wampake alama ndogo mkononi, msubiri kidogo kama ngozi itawasha. Akiwa na pumu ya ngozi au ukurutu, achorwe mkononi tu, tena pasipo na kidonda. Pambo la kumeremeta likae mbali na macho.

*Barafu.* Nairobi kulifunguliwa kiwanja cha kuteleza juu ya barafu kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, mwaka 2005, na tangu hapo watoto wa huku nao huulizia. Mkipata nafasi hiyo, chukueni sweta na glavu. Mfundishe mtoto kuanguka kwa makalio, na akishaanguka afumbe vidole ngumi kabla mwenzake hajapita na chuma.

Vitu vidogo vinavyopeleka hospitali

Nje na ndani ya kumbi huuzwa vitu vinavyowaka taa: pete, miwani, vijiti. Ndani yake mna betri ndogo ya duara kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Ukihisi ameimeza, usingoje kuona kama itatoka kwa njia ya haja, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Afadhali usinunue kabisa kwa aliye chini ya miaka mitano.

Bisi na karanga wasipewe walio chini ya miaka minne, kwa sababu huziba njia ya hewa. Kipande cha puto lililopasuka ni hatari zaidi: kinanata kooni na hakitoki kwa urahisi. Likipasuka, okota vipande vyote.

Kelele

Emsii wa tamasha la watoto anaamini furaha inapimwa kwa ukubwa wa spika. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema sikio linaweza kustahimili desibeli 85 kwa saa 8, lakini zikifika 100, dakika 15 zinatosha. Huhitaji kifaa. Kama inakubidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, mmeshavuka mpaka. Msikae mbele ya spika, hata kama ndipo mazingaombwe yanapoonekana vizuri, na mtoke nje kupumua kila baada ya muda.

Mwenye mtoto mwenye usonji, au anayeogopa kelele tu, aende saa ya kwanza ya asubuhi na vifuniko vya masikio, na amwonyeshe mtoto picha za ukumbi tangu nyumbani. Waandaaji wachache hutenga saa tulivu. Wengine hawajawahi kuombwa, basi waombe. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, uliza kwa simu kama kuna njia isiyo na ngazi, na ni michezo gani atakayoshiriki kwa vitendo. Kupelekwa kutazama wenzake wakicheza si kutolewa sikukuu.

Akipotea

Fundisha nyumbani, siku moja kabla, tena kwa kuigiza:

- Akigundua hakuoni, asimame pale pale. Asitembee kukutafuta.
- Aite jina lako kamili. Watoto wetu wengi wanajua "Mama" na majirani wanakuita Mama Neema, basi akiulizwa mama yako nani anabaki kimya. Hakikisha anajua jina lako na la baba yake.
- Akikosa, amwendee mhudumu mwenye sare, au mama mwenye watoto.
- Asitoke mlangoni na mtu yeyote, hata anayesema "mama yako yuko nje".

Namba yako ya simu iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono wa mtoto, upande wa ndani, si kwenye karatasi mfukoni. Jina lake usiliandike mahali pa wazi, kwa sababu mtoto humwamini anayemwita kwa jina.

Ikitokea, mtu mzima mmoja abaki pale alipoonekana mara ya mwisho, mwingine aende mlangoni mara moja. Mlango kwanza, kuzunguka baadaye. Waambie walinzi wasiruhusu mtoto yeyote wa mavazi hayo kutoka, na waonyeshe ile picha. Taja mavazi kwa sauti kubwa huku ukitembea: "Mvulana, fulana ya njano, kaptura nyeusi!" Usione haya. Watu ishirini wakigeuka kutazama, unao watafutaji ishirini. Asipopatikana ndani ya dakika chache, polisi ni 112, na namba ya huduma kwa mtoto ni 116.

Mnayonibishia

*"Nitampa dada wa kazi awapeleke."* Unaweza, ila kwa masharti. Mlipie kiingilio chake, mpe simu yenye salio na pesa za kurudi, na usimpe zaidi ya watoto wawili. Mpe na ruhusa ya kusema "tunaondoka" bila kuogopa kugombezwa na mtu. Binti wa miaka 18 mwenye watoto watano na nauli ya kwendea tu si mlezi, naye ni mtoto wa sita.

*"Na watoto wa dada yangu, na wa jirani?"* Watu wazima wanaokwenda ndio wanaoamua idadi. Walio chini ya miaka mitano, wawili kwa mtu mzima mmoja. Wa shule ya msingi, wanne. Jirani akitaka wanawe waende, naye aje, tena atasaidia kushika mifuko.

*"Mwanangu ana miaka 12, aende na wenzake."* Kwenye awamu ya asubuhi, ukumbi unaoujua, nawe ukiwa ndani ya jengo hilo hilo, sawa. Jioni ya Idi au Krismasi, disko la watoto ndani ya baa iliyobadilishwa jina kwa siku moja, hapana. Hata akinuna hadi Mwaka Mpya.

*"Sina pesa za mambo haya."* Basi usikope. Kwa Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, au Kijiji cha Makumbusho, kwa siku ya kawaida ya likizo, yanawafaa watoto kwa gharama ndogo. Maji, mpira na ufukwe wa asubuhi vinafaa pia, mradi uwe nao majini.

Kuondoka

Ondokeni wakiwa bado wanacheka. Najua umelipa, na unaona saa moja ya tiketi inabaki. Lakini majeraha na vilio huongezeka mwishoni, mtoto akishachoka, ana njaa, na wewe umeshakaa kwenye kiti unajibu ujumbe. Tangaza mapema: michezo miwili, halafu mmoja, halafu viatu. Asipewe mchezo wa kuaga baada ya ule wa kuaga.

Msitoke pamoja na umati onyesho kuu linapoisha. Tokeni dakika kumi kabla, au subirini kando ya ukuta hadi mlango upungue. Shika mkono, si kidole. Kabla ya kupanda bajaji, hesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Nyumbani maji ya kuoga, chakula cha kweli, na umchunguze mwili wakati wa kuoga. Mtoto aliyechanganyikiwa na furaha hasikii maumivu hadi usiku, na anayekataa kukanyaga mguu asubuhi yake apelekwe hospitali akapigwe eksirei.

Ombi langu la mwisho linahusu ile milango mliyoihesabu mlipoingia. Mkiukuta wa dharura umefungwa kwa kufuli au umezibwa na makreti ya soda, mwambie msimamizi aufungue mbele yako. Akikataa, toa watoto wako nje kwanza, kisha piga 114, Zimamoto kwa Tanzania, uwatajie ukumbi. Wale wengine waliobaki ndani hawajui.